Uaisele Fonua, Fundi wa Baiskeli Zisizokwenda Popote

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Uaisele Fonua anastaafu baada ya kuitumikia Kliniki ya Sukari ya Neiafu kwa miaka thelathini na moja. Sista Pelenatita, mkuu wetu wa kliniki, ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya programu ya sherehe. Alisisitiza sana hilo neno "machache", kwa sababu ananifahamu. Lakini na yeye anajua kwamba mtu kama huyu haagwi kwa sentensi mbili na chupa ya soda.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuwasha jenereta na kufyeka majani. Baiskeli za mazoezi zilikuja baadaye kwa meli kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, sita, zawadi ya ndugu zetu wa kanisa walioko Auckland. Zilifika vipande vipande ndani ya maboksi, na karatasi za maelezo zilikuwa zimelowa njiani hadi hazisomeki. Nusu ya mji ilikuja kusaidia, yaani kutoa ushauri. Pedeli ya kushoto ikakataa kuingia. Vijana wakataka kuipiga nyundo, mchungaji akataka tuombe kwanza. Uaisele aliitazama kitambo, akaizungusha kinyume, ikaingia bila ugomvi.

"Hii imezaliwa mbishi," akasema, "kama Sulieti."

Sulieti ni mimi, mhudumu wa chumba cha mazoezi. Tangu siku hiyo nimefanya naye kazi mlango kwa mlango, na hajawahi kuniomba radhi kwa maneno hayo.

Kuzipanga baiskeli ndiko kulikotuletea vituko. Uaisele aliona ni utovu wa adabu kuwaketisha watu wazima wakipeana migongo kama abiria wa basi. Akazipanga duara, magurudumu yakitazamana, vile wanaume wanavyokaa kunywa kava, kinywaji chetu cha heshima. Ilipendeza. Ila kwenye duara la kava kuna mahali pa mkubwa, na hapo akaketi mzee Haunga, msemaji wa chifu. Basi hakuna aliyethubutu kukanyaga pedeli kabla ya mzee, na hakuna aliyethubutu kushuka kabla yake. Na mzee Haunga akishaanza kusimulia habari za ukoo wake, miguu yake hujiendea tu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyelegea wa kwanza.

"Mzee, naomba ruhusa nishuke," alisema, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu.

"Subiri kidogo, mwanangu. Ndiyo kwanza tumefika kwa babu yangu."

Mwalimu tulimshusha kwa kumbeba. Kesho yake Uaisele aliihamisha baiskeli ya mzee hadi dirishani, ikitazama bandari, akaitandikia mkeka mzuri, kisha akamwambia kwamba pale ndipo penye heshima kuliko kote. Mzee alifurahi mno. Wengine wakapata kushuka kimyakimya nyuma ya mgongo wake, na kliniki haikupoteza mwalimu mwingine.

Wanaodhani kazi yake ilikuwa kukaza nati tu hawakuwahi kumwona akimpokea mgonjwa mpya. Alimsimamisha kando ya baiskeli, akapandisha kiti mpaka kikalingana na mfupa wa nyonga. Akampandisha, akamshika kisigino, akakisindikiza chini polepole mpaka pedeli ikafika mwisho wake, macho yake yakiwa kwenye goti. Goti likinyooka kabisa, kiti kiko juu mno. Likibaki limekunjika sana, kiti kishushwe. Watu aliwakumbuka kwa magoti yao. Ukimtajia jina la mtu anaweza kukuuliza ni nani, lakini ukimwambia yule wa goti linalolia, atakueleza na shangazi zake.

Halafu kuna chumvi. Hewa yetu ya bahari hula chuma, na jasho la wagonjwa humalizia. Kila baiskeli ilifutwa kwa maji ya mvua, ikakaushwa, ikapakwa mafuta kidogo. Aliinama kusikiliza beringi, akapima mkanda wa gurudumu kwa kuubonyeza kwa kidole gumba, akaangalia kama miguu yote minne ya baiskeli imekanyaga sakafu sawasawa. Jumamosi jioni alizifunika zote kwa shuka safi. Nilipomuuliza kwa nini shuka na si turubai, alisema kesho ni Jumapili, nazo zinapumzika kama watu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mjini wanalijua nusunusu. Nimeomba ruhusa ya wahusika wote wawili kuliandika, kila mmoja kwa wakati wake.

Miaka sita iliyopita daktari alimtuma kwetu mama Lolohea, dada mkubwa wa Uaisele. Kidole kimoja cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimekwisha kukatwa. Alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba asipofanya mazoezi na kuishusha sukari, safari ijayo utakatwa mguu. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Ungeweza kumkanyaga na asigeuke.

Na mtu na dada yake, tunajuana. Kaka haketi chumba kimoja na dada yake aliyevaa nguo za mazoezi akitweta. Hamgusi, na habari za mwili wake hazitaji kabisa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, na Uaisele amelelewa hivyo kuliko sisi. Lakini mji mzima hapakuwa na mwingine aliyejua kumkalisha mtu kwenye baiskeli sawasawa. Alizunguka chumba kile asubuhi nzima bila kazi ya maana, mwisho akanisogelea.

"Sulieti, panda hiyo ya pembeni."

"Mimi siumwi."

"Panda tu. Wewe na yule, nani mrefu?"

"Yule nani?"

"Yule."

Nikaelewa. Utani ulikuwa umenifika ulimini, nikauona uso wake, nikaumeza. "Amenizidi kiganja kimoja," nikamwambia.

Akaipima baiskeli kwa mwili wangu, akaongeza alichoona kinatosha, akaikaza. Mama Lolohea alipoingia, Uaisele alikuwa keshaingia stoo, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba. Kuanzia hapo mimi nikawa simu.

"Mwambie mgonjwa, goti likimuuma mbele, kiti kiko chini. Likimuuma nyuma, kiko juu."

"Mwambie fundi," akajibu mama Lolohea kwa sauti ya kufika sokoni, "goti halina neno. Kinachonikera ni hiki kiti. Kimetengenezwa kwa ajili ya kuku."

Siku iliyofuata kiti kilikuwa kimevishwa sponji nene na kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, mishono imepinda kidogo. Hatukuulizana nani kashona. Miezi ikapita hivyo, "mwambie mgonjwa" na "mwambie fundi", na Sista akaanza kutabasamu kila alipompima mama Lolohea sukari.

Kisha ikaja ile Jumanne. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa wameondoka na Uaisele alikuwa akifuta baiskeli. Nikamwona amesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Sulieti. Hii si kutu."

"Mbona ina rangi ya kutu?"

"Pedeli hii ya yule nimeipaka mafuta jana. Na kutu hainuki hivi." Akanikabidhi kitambaa. "Nenda kwake. Kamtazame wewe, mimi siwezi."

Nilikimbia mpaka sokoni, na wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kukimbia. Mama Lolohea alikuwa ameketi mbele ya mikeka yake, anabishana na mteja.

"Mama, vua ndala ya kulia."

"Nivue ndala mbele ya watu? Wewe umeanza kunywa lini?"

"Vua, mama yangu, nakuomba."

Chini ya unyayo palikuwa na tundu, na ndala ilikuwa imelowa damu. Parafujo ya pedeli ilikuwa imelegea na kutokeza, ikapenya ndala, ikapenya na mguu, naye akaendesha juu yake mazoezi yote, tena huku tunacheka pamoja. Hakuhisi kitu. Sista Pelenatita alimsafisha na kumfunga, akaniambia pembeni kwamba kidonda kile kingelala siku mbili tatu bila kuonekana, habari ingekuwa nyingine. Hata hivyo hakuahidi kwamba kitafunga.

Uaisele aliposikia, alitoa funguo zake mfukoni na kuziweka juu ya meza ya Sista.

"Nimemtoboa dada yangu," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaondoka kwenda shambani kwake Leimatu'a. Baiskeli zilibaki zimefunikwa wiki nzima, na chumba kilininyima raha kiasi kwamba nilikuwa nakula chakula changu nje. Nilimweleza mama Lolohea pale kitandani alipolazwa, mguu umeinuliwa juu ya mito. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nenda kafanye kazi yako ya simu," aliniambia. "Mwambie fundi hivi. Parafujo haikujua inamtoboa nani. Kidonda kikifunga nitarudi kwenye ile baiskeli, na siipandi ikiwa imefungwa na mtu mwingine. Akiacha kazi, basi huu mguu na ukatwe."

Nilimkuta katikati ya viazi vikuu vyake, anachimba. Nikamwambia neno kwa neno. Akaendelea kuchimba.

"Kasema hivyo? Na ukatwe?"

"Kasema. Na Sista alikuwepo."

"Huyo hatanii," akasema. Akaenda kunawa mikono.

Alirudi siku hiyohiyo. Alifungua pedeli zote za baiskeli zote, akatupa parafujo zote za zamani, akaweka bolti zenye nati mbili, akafunika kila pedeli kwa mpira wa tyubu ya lori. Akaweka na sheria: hakuna ndala chumbani, viatu vya kufunika tu, na kila mgonjwa anionyeshe nyayo kabla na baada. Mzee Haunga alilalamika kwamba katika umri wake hajawahi kumwonyesha mwanamke nyayo. Alionyesha. Na kila asubuhi tangu wakati huo, kabla sijafungua mlango, Uaisele hupitisha kiganja kitupu juu ya kila pedeli, juu na chini, taratibu, ili kama kuna kitu kimetokeza kimchome yeye kwanza.

Kidonda kilichukua muda mrefu. Kilifunga mvua zilipokuwa zinakatika. Mama Lolohea akarudi na viatu vipya, akapanda, na stoo ikawa kimya kabisa mpaka nikadhani fundi katoka. Kumbe alikuwa analia.

Mwaka jana, Sista alipomuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu, Uaisele alisema hataki zawadi. Aliomba kitu kimoja, kwamba fundi atakayechukua nafasi yake awe mwanamke. Sista akamuuliza sababu. Akasema, "Ili yule naye apate mtu wa kumshika kisigino." Basi ndiyo maana leo tunaye Bi. Vaisioa, aliyefundishwa naye mwaka mzima, na ambaye sasa mikono yake inanuka grisi kuliko manukato.

Habari hiyo nilimpelekea mama Lolohea wiki iliyopita, kwa sababu hakuwa ameijua. Akaniambia kwamba Ijumaa yeye ataketi mbele, mahali pa heshima pa dada, na kaka yake ataketi mbali naye, na hawatasemezana, kama inavyopasa. Kwa hiyo maneno yake niyaweke humu, yasomwe kwa sauti mbele ya watu.

Wafanyakazi wote wa kliniki wanakushukuru, Mzee Uaisele, kwa miguu yote ya mji huu ambayo bado inatembea. Nenda ukapumzike. Shamba likuzalie, usingizi uwe mtamu, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa bila kusikiliza beringi za mtu. Tutakukosa sana, na mimi nitakukosa kuliko wote, hilo nalisema bila utani.

Na haya ndiyo maneno ya dada yako, kama alivyoyasema: "Tangu tuwe wakubwa, kaka yangu hajanigusa hata ncha ya kidole. Andika kwamba katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyenishika vizuri kama yeye."