Julieth Minza Mahona, Aliyemngojea Ndege Kichakani

Wakubwa zetu, shikamooni. Ninayesoma ni Limbu, mdogo wake marehemu.

Dada Julieth alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 huko Ziba, wilaya ya Igunga, mtoto wa pili wa Mzee Zablon Mahona. Sekondari alisoma Tabora mjini, akikaa kwa shangazi, Isevya. Akitumwa maji alikutwa kasimama na ndoo tupu, macho juu. “We mtoto,” shangazi alimwuliza, “bomba liko mbinguni?”

Mwaka 2006 aliajiriwa na watafiti wa ndege wanaohama. Alfajiri, ukungu ungali chini, walitega nyavu nyembamba, wakawavisha ndege pete mguuni na kuwaachia. Alikuwa akisema babu zetu walipita huku na mizigo kwenda pwani, na hawa nao wana njia yao huko juu, wanafika wamechoka vilevile.

Tarehe 11 Julai 2009 alifunga ndoa na Renatus Ngassa, mkulima wa tumbaku wa Igalula. Shambani kwao kuna kichaka. Humo, Machi 2022, dada alimfunga ndege mmoja mdogo wa kahawia kifaa kama punje ya mahindi, cha kutunza habari za safari yake. Kifaa hicho hakitumi chochote. Lazima ndege arudi, anaswe, afunguliwe. Na ndege hao hurudi kichaka kilekile mvua zikianza. Shemeji naye alitaka kuni za kukaushia tumbaku. Walibishana, jamani!

“Nimeoa mke au nimeoa ndege?”

“Kata, baba Stela. Ila akirudi, utamweleza wewe.”

Misimu miwili ya mvua ikapita, ndege hakuonekana. Februari 2024 dada aligundulika na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza. Tukienda kumwona, hakuzungumzia dawa. Aliuliza, “Igalula mvua imeanza?” Alifariki tarehe 8 Novemba 2024, shemeji akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Leo asubuhi vijana walibeba mapanga kutafuta kuni za msibani. Walimkuta shemeji amesimama mbele ya kichaka.

“Hapa msikate,” aliwaambia. “Mke wangu bado anamngojea ndege wake.”

Wakageuka, wakaenda kuomba kuni kwa jirani.

Ameacha mume, watoto wawili, Stela na Fideli, shangazi yetu wa Isevya, na sisi wadogo zake.

Pumzika kwa amani, dada. Mvua ikishika, tutakuangalizia.