Nilirina Mizinga Isiyo Yangu

Asanteni kwa kunipokea, ndugu zangu. Nimetoka Ikutha asubuhi nikavuka hadi kwenu Makueni, na mwenyekiti wa kikundi hiki cha tuliofiwa ameniomba niseme kidogo. Kidogo chake na kidogo changu si kimoja, kwa hivyo mnivumilie.

Mke wangu aliugua miaka miwili. Nilimuuguza mwenyewe, halafu akaondoka. Baada ya mazishi watu walirudi kwao, nami nikafunga mlango. Sikwenda soko, sikwenda kanisa. Usingizi ulikuwa wa saa mbili tatu tu. Niliteleka chai nikaisahau mpaka sufuria ikaungua. Majina ya wajukuu nikaanza kuyachanganya, nikasema ni uzee.

Sasa, mimi ni mtu wa nyuki. Kwetu mizinga ya magogo tunaitundika juu ya miti, hata kwa shamba la mtu mwingine, na kila mwenye mizinga huchoma alama yake kwenye gogo. Yetu ni mistari mitatu, niliyoachiwa na baba. Kurina, yaani kutoa asali, kwenye mzinga wenye alama ya mwenzako ni wizi, tena wa aibu kuliko kuiba mbuzi. Ndugu zangu, nawaambia, mwaka juzi nilipanda mti jua likiwa bado lipo, nikarina mizinga miwili, nikashuka na ndoo nikiwa nimefurahi. Njiani nikakutana na mzee mwenye mizinga hiyo. Nikamsalimia, hata nikamwonjesha.

Hakupiga kelele. Alinirudisha hadi kwenye mti akaniambia niangalie alama. Ilikuwa msalaba. Nikaketi chini. Niliogopa, na si wazee wa kijiji niliowaogopa. Mama yangu alimaliza miaka yake bila kumjua hata mmoja wetu. Nikajiambia, leo ni alama, kesho ni sura ya mke wangu. Niliogopa kumpoteza mara ya pili. Nikamwambia yule mzee hivyo hivyo nilivyowaambia ninyi.

Kesho yake akanipeleka kliniki. Nesi, mama mmoja mpole, aliniuliza maswali mengi, nikapimwa, kisha akasema haoni ugonjwa wa mama yangu. Alichoona ni huzuni na stresi iliyokaa muda mrefu. Akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ya kumbukumbu, na wataalamu wengi wanaamini huota chembe hai mpya hata kwa mtu mzima. Stresi ikikaa sana, chembe hizo huota chache. Zikiota vizuri, inaonekana zinamsaidia mtu kustahimili stresi nyingine ikija. Nikamwambia mimi nilidhani ubongo ni kama jino la ukubwani, likishang'oka basi. Akacheka. Hakunificha kwamba mengi ya hayo yameonekana kwa panya, na kwa binadamu wataalamu bado wanabishana.

"Lakini tembea, lala, kaa na watu, na ujifunze kitu kigeni kwako," alisema. "Hayo yatakusaidia hata wao wakiendelea kubishana." Akanipangia pia kuonana na mshauri.

Kosa langu lilibaki palepale. Kwa desturi ningelipa mbuzi, lakini yule mzee alikataa.

"Sitaki mbuzi wako," aliniambia. "Utakuja kwangu kwa miguu kila Jumanne na Ijumaa, ujifunze mizinga ya kisasa."

Afadhali angechukua mbuzi. Hiyo mizinga ya masanduku nilikuwa nimeidharau maisha yangu yote, nikiiita makabati ya nyuki. Na mwalimu alikuwa binti yake, niliyemjua akibebwa mgongoni.

Mwezi wa kwanza nilikuwa kichekesho. Niliweka fremu, zile mbao za kushikilia masega, kinyume, nikasahau kuvaa glavu, nikaumwa mpaka mkono ukavimba. Lakini nilikuwa natembea, na kwa uchovu wa miguu usingizi ukaanza kurudi. Huko pia kulikuwa na watu wa kunicheka, na mtu aliyejifungia hana hata wa kumcheka. Mwezi wa nne, kabla ya kufungua sanduku, yule binti alituuliza wanafunzi wake nani anakumbuka malkia alikuwa wapi juma lililopita. Nikasema fremu ya tatu kutoka kushoto. Akaangalia daftari lake, akasema ni kweli. Nililia, ndugu zangu. Ile neti ya usoni ilinisitiri, hakuna aliyeona.

Kama kuna chembe iliyoota humu kichwani au ni usingizi tu, mimi sijui, na nesi naye alisema hajui. Namshukuru yeye, na mshauri, na yule binti, na yule mzee ambaye angeweza kunitangaza mwizi soko zima akanyamaza. Na wewe uliyefunga mlango, nakuomba kitu kimoja. Mwambie mtu mmoja kile unachoogopa hasa, usikipunguze.

Mwezi uliopita nilikaa nikajaribu kumkumbuka mke wangu. Akaja mzima, na kicheko chake, na vile alivyokuwa akinigombeza nikiingia na viatu vyenye matope. Iliniuma sana. Nikamshukuru Mungu kwamba inauma.