Binti wa Sare Yuko Ndani

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Kinyozi na meza ya Fundi Saa. Asubuhi ile kahawa ilikuwa bado inachoma midomo polisi walipomchukua binti anayeshona sare za shule, mlango wa tatu kutoka hapo. Kosa lake ni video ya nusu dakika: kajitanda kitambaa kichwani, anaigiza sala ya kumwombea mgonjwa mahututi, ila yeye anaomba jirani yake afilisike. Watu walicheka, wakachoka kucheka wakatukana, wakachoka kutukana wakashtaki. Benchini tulikuwa Kinyozi, Fundi Saa, Breki aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamstaafisha, na mimi ninayesimulia.

KINYOZI: Pingu! Kwa mzaha! Ulimi hauna mfupa, jamani, hiyo pingu wanaifunga wapi?

FUNDI SAA: Cheka tu. Sala ile nilimsomea mke wangu akikata roho. Jana naisikia kwenye simu ya mteja, watu wanaangua vicheko.

KINYOZI: Pole, kaka. Lakini wewe umeumia moyo, mwenzio kafungiwa mwili.

FUNDI SAA: Angenipiga kofi, mchana ningekuwa nimepona!

BREKI: Nyote mmelala. Hii njama ya kampuni za simu. Tukikasirika tunanunua bando, tukinunua bando tunakasirika zaidi. Haba na haba hujaza kibaba!

KINYOZI: Hiyo methali ya akiba, Breki.

BREKI: Ndiyo. Akiba yao!

KINYOZI: Mi nawaambia, leo sala, kesho wimbo, keshokutwa nikimnyoa mkubwa upara wa upande, nimekashifu dola! Watasimamisha askari kwenye kila jino la kitana.

BREKI: Mbona wapo? Kuna mashine inasikiliza hata miayo. Piga miayo kwenye ibada uone, jina lako limeshaandikwa.

FUNDI SAA: Acheni mchezo! Kwa nini kila siku tunaochezewa ni sisi waumini, na tukilalamika tunaitwa washamba?

KINYOZI: Na kwa nini kila mkiumia lazima mtu alale selo?

FUNDI SAA: Sikumshtaki mimi!

KINYOZI: Ulisema anastahili!

Kweli alisema, nilimsikia. Walikuwa wamesimama, kahawa inawamwagikia vidoleni, mwanamke mmoja alipotufikia akihema. Ndala zake hazikufanana.

— Wanangu, mimi ni mama yake yule mshonaji. Wanataka mdhamini mwenye kitambulisho na kazi inayojulikana. Nani anakuja nami?

Breki akachungulia kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Mimi nikaanza kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa.

KINYOZI: Mama, ningekuja, ila ndani nina mteja kichwa nusu.

Fundi Saa akakusanya saa za watu, akazifungia kwenye droo, akajipapasa mfukoni hadi akakipata kitambulisho.

KINYOZI: Kumbe umemsamehe!

FUNDI SAA: Nani kasema? Nina maneno naye, tena makali, na nataka kumwambia usoni naye anijibu. Nitagombana vipi na mtu aliye nyuma ya nondo? Twende, mama.