Kisahani cha Mama Roy

Wasikilizaji wapendwa wa Johannesburg, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Kagendo, Mama Roy wa mtaa wa Observatory, mtafiti wa seli za mwili. Kutulia kulimshinda mama huyu. Kanisani alikunywa chai amesimama, funguo za gari mkononi. Robot, taa ya barabarani, ikiwaka nyekundu, aligombana nayo.

Alikuwa na sababu. Mwanawe, Roy, ana ugonjwa wa misuli. Seli zake zikichanika, hazijizibi. Narudia: hazijizibi. Zako na zangu huchanika kila siku, hata kwa kupanda ngazi tu. Utando wa nje ukipasuka, kalsiamu huingia kwenye tundu, na hiyo ndiyo ishara. Vifuko vya ndani hukimbilia pale, vikaungana, vikawa kiraka. Sekunde chache, kwisha. Za Roy hubaki wazi, zikafa. Kijana aliacha mpira, akaacha ngazi, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Kagendo alitaka jambo moja: kuona seli ya mwanawe ikijiziba. Alijaribu dawa baada ya dawa. Kando ya kisahani cha seli za Roy aliweka kisahani cha seli zake mwenyewe, za kulinganishia. Wanafunzi aliwakemea: "Andikeni jina kwenye kisahani chenyewe, si kwenye kifuniko! Vifuniko huchanganyika."

Mwaka juzi alitoboa seli kwa mwale wa leza. Ikajiziba. Alipiga kelele hadi walinzi wakaja mbio. Akampigia Roy simu: "Mwanangu, imepona!" Mumewe, Simiyu, akachoma nyama, majirani wakala.

Wiki ileile Benita, mwanafunzi wake kutoka Lubumbashi, akagundua kitu. Majina yalikuwa kwenye vifuniko tu. Kwa haraka zake, mwalimu alikuwa ameandika palepale alipokataza. Wakarudia jaribio. Iliyopona ilikuwa seli ya mama.

Simiyu anakumbuka: "Alikaa chini. Tangu tuoane sikuwahi kumwona amekaa vile. Halafu akainuka, akaenda kumwambia mtoto."

Roy alimjibu: "Eish, Mama. Angalau mmoja wetu anajiziba. Sasa keti, tunywe chai."

Hakuketi. Alikuwa tayari anatafuta funguo.

Mwezi uliopita moyo wake ulisimama akiwa njiani kwenda kazini. Seli za Roy bado hazijajiziba. Inauma, wasikilizaji wapendwa.

Ila seli za Kagendo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye friza la maabara. Baada ya mazishi Benita aliziyeyusha, zikaanza kukua tena. Akamwita Roy kwenye hadubini, akatoboa moja. Ikajiziba, mtoto wake akiangalia.

"Nirudie?" Benita akauliza.

"Hapana," Roy akasema. "Mwache Mama apumzike kidogo."

Baba Roy, Roy, Benita, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza umesimama, funguo mkononi, jiulize nani hapo nyumbani anakungoja mnywe chai. Keti.