Faili la Isaya na Bilali

Kabula alipanda basi la Kwala akitaka kusinzia tu, lakini vijana wawili wa kiti cha mbele, Isaya na Bilali, walikuwa wameamua abiria wote wajue shida yao. Walikuwa wakitengeneza programu kwenye kompyuta pepe moja, yaani faili kubwa lililosafiri kwa intaneti kati ya laptop ya Isaya, kwake Tangini, na ya Bilali, kwake Kisarawe.

"Tulikubaliana," alisema Bilali, "ukimaliza unazima, unasubiri faili lipande lote mtandaoni, ndipo unanipigia nifungue. Wewe ukanipigia limefika nusu."

"Bando liliisha."

"Hongera, kaka. Jana nilishinda kutwa nikifanyia kazi faili la juzi. Sasa mafaili yapo mawili, langu halina kazi yako, lako halina yangu, na mteja anatusubiri."

"Si ungeuliza kwanza?"

"Nikuulize kama unanidanganya?"

Kabula na jirani yake walikuwa wakitumia plau moja mwaka wa sita huu, na haijawahi kulima mashamba mawili siku moja. Lakini yeye na jirani, alijikumbusha, hawakusoma chuo.

Isaya akafungua laptop. "Niache nilirekebishe, bado dakika kumi tufike." Bilali, asiyemwamini tena, akafungua yake na kuanza kulirekebisha vilevile.

Basi likasimama. Konda akawaambia gari mwisho hapo, washuke. Kwa mara ya kwanza tangu Maili Moja wakakubaliana, wakamjibu kwa pamoja: "Subiri kidogo, faili linapanda."