Mama Safu Anastaafu, Chumba cha Mawe Kinabaki

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha katika shule hii, Mama Safu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa kwanza, likamganda, na sasa hata mwalimu mkuu humwita hivyo mbele ya wageni.

Alipoajiriwa, shule nzima ilikuwa chumba kimoja: kuta za mawe, paa la bati, madirisha matatu na ubao uliopakwa rangi nyeusi ukutani. Darasa la kwanza lilikaa safu ya mbele, la nne nyuma kabisa karibu na mlango, na mwalimu alikuwa yeye peke yake. La nne wakifanya hesabu za kugawanya, la tatu wananakili, la pili wanasoma kimyakimya kwa kadiri ya uwezo wao, na la kwanza wanaimba herufi pamoja naye. Kuhusu uimbaji wake, tuseme tu kwamba Mungu humpa kila mtu kipaji chake, na hicho alipewa mwingine.

Katika chumba kile hakuna somo lililokuwa na mwenyewe. Mzazi mmoja aliwahi kuja kulalamika kwamba mwanawe wa darasa la kwanza anamsahihisha kaka yake wa la tatu katika kuzidisha, tena mbele ya wageni. Mama Safu alimjibu kwamba yeye huwapanga watoto kwa madarasa, lakini masikio yao hayajui darasa. Kaka mtu alinuna wiki nzima, kisha akakariri majedwali yote kwa hasira. Leo anafundisha hisabati katika shule hii hii, na ndiye anayeandika haya.

Baadaye tulijengewa madarasa mapya, kila moja na mlango wake. Mama Safu alifurahi kuliko sote, maana hatimaye alipata kunywa chai ikiwa moto. Chumba cha mawe kikageuka stoo ya saruji na madawati mabovu. Miaka sita iliyopita kamati ya shule ikapendekeza kibomolewe na mawe yake yajengee uzio. Uzio tuliuhitaji kweli. Mama Safu aliomba jambo moja tu, kikao cha uamuzi kifanyike humo humo.

Alitoa mifuko, akafagia, akapanga madawati. Wajumbe waliosoma humo waliingia na, bila kuelekezwa, kila mmoja akaenda safu yake. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa mbao anayeheshimika sana, alijikuta kwenye safu ya la tatu, alikokaa miaka miwili kwa sababu anazozijua mwenyewe. Watu walicheka hadi machozi. Lakini Mama Safu hakutaka kuhurumiwa. Aliwaambia kwamba kama chumba ni kizuri kwa kukumbukwa tu, wakipige picha kisha wakibomoe. Halafu akawaita watoto wa madarasa manne, maana asiyekuwepo na lake halipo, akaanza kufundisha. Wajumbe waliwaona la nne wakiinama kuwaelekeza la pili, na la kwanza wakitega masikio kwa yasiyowahusu.

Kamati ilikubali kwa sharti: chumba kitabaki maadamu kinafundishiwa, na kikikaa bure kitabomolewa. Tangu hapo, kila Jumatano madarasa hayo manne hukusanyika humo kwa somo la pamoja. Maofisa wa mambo ya kale walipokuja kupima kuta ili waone kama chumba kinafaa kuhifadhiwa, Mama Safu aliwaomba wapime na kelele za watoto.

Sasa anaondoka, na sharti liko palepale. Mwalimu mkuu alipouliza nani atachukua Jumatano, sisi tuliokuwa mstari wa mbele kukisifu chumba tuliinamia madaftari ghafla. Kufundisha safu nne kwa mpigo si mchezo.

Mama Safu hakumbembeleza mtu. Jumatano moja aliniita niketi nyuma nitazame. Katikati ya somo akanikabidhi chaki, akasema anakwenda kufunga bomba, akatoka moja kwa moja. Nilipoanza na la nne, la kwanza walizua vurugu, la pili wakawaunga mkono, na jasho likanitoka. Ndipo msichana mmoja wa la nne aliposimama bila kutumwa, akaenda mbele na kuwaanzishia wadogo herufi. Wenzake wawili wakahamia kwa la pili. Dakika chache baadaye chumba kizima kilikuwa kinasoma, na mimi nimebaki na safu moja tu mkononi. Nilisimama pale na chaki yangu. Watoto wale wameijua kazi, na watawafundisha watakaokuja baada yao. Hilo huwezi kulijengea uzio.

Mama Safu, ahsante. Umetulea tukiwa wanafunzi, ukatulea tena tukiwa walimu. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wasiochoka kukuuliza maswali. Na kuhusu chumba, lala usingizi: nimeshaandika jina langu kwenye ratiba ya Jumatano.