Vyumba vya Juu Havikodishwi

Sogeeni, wanangu, sogeeni nizione nyuso zenu, maana macho yangu siku hizi yanaona vizuri vitu viwili tu, dirisha na mtu anayetaka kutoroka. Wewe dereva, kifungua mimba wangu, toka hapo mlangoni ukae. Wewe mhasibu, tia simu mfukoni. Nikikata roho katikati ya neno nataka uwe shahidi, usiwe unasoma ujumbe. Kitinda mimba wangu, njoo hapa kitandani, ubavuni kwangu. Na wewe dada yangu, ambaye mtaa mzima unakuita Kabati, keti popote, ukijaliwa kiti cha kukuhimili. Anacheka. Mnaona, hata leo anacheka. Daktari amenikataza kusema sana, nami nimemjibu kwamba kunyamaza nitanyamaza muda mrefu tu, hakuna haja ya kuanza mapema.

Nianze na mali ili mtulie, maana mtu anayengoja kusikia fungu lake hasikii kingine. Karakana ya magodoro, na cherehani kubwa, na sindano zangu zote pamoja na ile iliyopinda, ni za dereva, ambaye barabara imemchosha ingawa hataki kukubali. Kiwanja cha mlimani ni cha mhasibu, na amwangalie sana jirani wa upande wa mtoni, kwa sababu ua wa mzee yule una miguu, kila mwaka unasogea kwetu. Nyumba hii ni ya dada yenu, huyu kitinda mimba, na kila kilichomo. Vimebaki vyumba vya juu ya karakana, na hapo nipeni masikio yote, kwa sababu najua nyinyi mmeshavikodisha.

Juzi mchana mlikaa mezani na mkwe wangu, Bwana Bima, mkidhani nimelala. Nilifumba macho tu. Mzee akifumba macho watu husema ukweli. Nikamsikia kwa ile sauti yake ya kupaka mafuta akisema atavichukua vyumba vyote viwe ofisi, atalipa vizuri, mradi mke wake arudi nyumbani kwanza, maana wateja wameanza kuuliza. Wewe mhasibu ukasema ni wazo zuri. Wewe dereva ukasema, "Tungoje mzee apumzike, halafu dada tutaongea naye. Ndoa ni kuvumiliana." Kupumzika, yaani kufa. Asante kwa adabu.

Haya, tuseme habari ya kuvumiliana. Mama yenu alivumilia kukoroma kwangu, mimi nikavumilia kuimba kwake, na nyote mnajua ni nani aliyeteseka zaidi. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kufunga mtandio shingoni wakati wa joto ili watu wasione alama za vidole. Dada yenu, mtu anayeshinda jikoni hospitalini mbele ya masufuria yanayochemka, aliingia hapa na mtandio, nanyi mkamwuliza kama ana mafua. Bwana Bima ameyakatia bima magari ya mji mzima, ni huyu mmoja tu ndani ya nyumba yake ambaye hakumkumbuka.

Nipeni maji. Kidogo tu, sitaki kufa nimezama.

Mnajua kwamba shangazi yenu huwapokea huko juu wanawake waliokimbia vipigo. Hamjui anavyofanya, kwa sababu hamkuuliza, na yeye si mtu wa kujipigia ngoma, basi nitampigia mimi. Aligundua kwamba mwanamke akitoka kwake na begi, jirani wa kwanza atamwuliza aendako, wa pili atampigia simu mumewe, na kabla hajafika kituoni amesharudishwa. Lakini mwanamke akisema godoro limefanya mabonde na linataka kujazwa upya, nani atamwuliza? Kwa hiyo huja kwanza kuuliza bei, kama mteja yeyote, na Kabati humnong'oneza afumue mshono wa upande wa miguu, atie nguo, vyeti vya watoto na dawa, kisha ashone kwa hatua pana za sindano, nasi tukiziona tutajua. Alikuwapo bwana mmoja mwashi, kifua kama ukuta aliojenga mwenyewe, alilibeba godoro begani kutoka kwake mpaka karakana, jasho chururu, akanilalamikia, "Mzee, pamba gani nzito namna hii?" Nikamwambia imeshika unyevu. Kumbe alikuwa amebeba sare za wanawe, viatu vya mkewe na sufuria mbili; amemhamisha mke wake kwa mabega yake mwenyewe. Mke akaja nyuma na watoto, ati kuchagua kitambaa, akapanda ngazi. Na godoro la bwana tulimrudishia, limejazwa vizuri kabisa, kwa sababu sisi si wezi.

Sasa mfuateni shangazi yenu mpaka mahakamani. Pale nje ya chumba cha hakimu kuna mabenchi mawili yanayotazamana, mke upande huu, mume upande ule, na mume hana haja ya kusema neno, anamkazia macho tu. Niliona kwa macho yangu mama mmoja aliyekuwa ameshika kauli yake barabara akianza kutaka kurudi nyumbani akaombe radhi yeye aliyepigwa. Kabati akanyanyuka, akachukua kiti cha karani bila kuomba, akakiweka katikati na kujimwaga hapo na kufuma kwake. Mume akasogea kulia, Kabati naye kulia. Akasogea kushoto, kiti kikalia, Kabati kushoto. Yule bwana akafoka, "Mama, unaniziba." Akamjibu, "Najua, mwanangu, ndiyo kazi niliyoletewa mwili huu." Askari aligeuka ukutani kucheka. Na mama yule aliingia ndani, akasema yote.

Lakini hayo ni ya kuchekesha, na kinachonifanya nimvulie kofia ni kingine. Mwanamke akija, sisi wengine wote tuna amri zetu mdomoni, toka, rudi, shtaki, samehe. Yeye humpa chai, akamwuliza, "Unataka tuanzie wapi?" kisha hunyamaza mpaka ajibiwe, na mnajua kunyamaza kwa ukoo wetu ni kazi kama kuvunja mawe. Yupo dada mmoja msusi aliyerudi kwa mumewe, akaja tena, akarudi, akaja tena. Mimi, fundi mwenye subira ya kushona magodoro, nilitaka kumfungia mlango. Kabati alimpokea kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, hakumwambia hata siku moja "si nilikwambia." Leo msusi yule ndiye anayewapokea wageni pale juu Kabati akienda mahakamani. Nimekaa na dada yangu maisha yote na bado ananishangaza.

Kwa hiyo vyumba vya juu ni vyake na kazi yake, na baada yake ni vya atakayemchagua. Havikodishwi, haviuzwi, wala hakuna ofisi ya mtu humo. Mwanasheria ameshatia sahihi, lakini nataka mtie sahihi nyinyi, kwa miguu.

Maana... ngojeni, pumzi... maana Bwana Bima yuko sebuleni sasa hivi, mlimwalika nyinyi, anakunywa chai yangu akingoja niishe. Dereva, mwanangu, nenda ukamwambie chai imekwisha, vyumba havipo, na mke wake si deni la kuja kudai humu. Usimguse. Tukimpiga tutakuwa tumejiunga na chama chake. Mhasibu, fuatana na kaka yako, umtazame yule bwana usoni. Nendeni. Baraka zenu ninazo hapa, lakini mdomo wangu haufunguki yule akiwa ndani.

...

Sauti ya nani ile? Ya Bwana Bima. Mwacheni aseme. Kabati, umekaa mbele ya mlango? Vizuri.

...

Mmerudi. Njoo karibu, dereva. Ameondoka? Na gari lake? Kaeni. Nimewapenda leo kuliko siku zote, wakorofi wangu.

Mungu awape usingizi mzuri na kazi isiyowaaibisha. Mkiwa na wake, wasisikie hatua zenu mlangoni wakanyamaza. Nizikeni mapema, msihutubie sana, mtani wa karakana asipewe kipaza sauti. Dada... asante.

Na wewe, kitinda mimba wangu, tumesema sana juu ya kichwa chako, na mimi nimo. Sina amri ya kukupa. Nyamazeni nyote, nami... nanyamaza. Sema, mwanangu. Tunakusikiliza.